Rasimu Iliyojichapisha

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, nilikuwa nimeinama mtaroni na jembe, natoa mchanga mweusi ulioletwa na mvua. Mtaa mzima ulikuwa nje, kila kaya na chombo chake. Jirani yangu, mama aliyerudi Rwanda kutoka Ngara kama mimi nilivyorudi kutoka Karagwe, alinisogelea, akajipangusa jasho, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, ile habari ya mtoto aliyeachwa barabarani imeniliza leo. Nimeisoma nikinywa chai. Ilitokea kweli?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza habari gani.

"Hiyo uliyoitoa asubuhi. Ya volkano."

Sikuwa nimetoa habari yoyote ya volkano. Nilikuwa nimetoa makala fupi kuhusu maneno ya Kiswahili tunayoyatamka tofauti hapa Gisenyi na kule Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Habari ya volkano ilikuwa rasimu kwenye kompyuta yangu, na hakuna aliyepaswa kuiona, si jirani huyu, si mtu mwingine, na hasa si mdogo wangu.

Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na blogu. Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyolelewa nayo ukimbizini, ingawa nyumbani sasa tunasema Kinyarwanda. Mwanzoni blogu ilikaa kwenye huduma moja ya bure ya mtandaoni. Kurasa zilikuwa nzito. Juu yake yalitokea matangazo nisiyoyajua, na mama yangu mdogo aliyeko Goma alilalamika kila mara kwamba makala yangu inakula megabaiti zake zote kabla hata haijafunguka.

Basi likizo moja nikaamua kutengeneza mtambo wangu mwenyewe wa kuzalisha kurasa. Haikuwa programu kubwa. Kila makala niliiandika kwenye faili la maandishi matupu. Programu ilisoma mafaili yote, ikayageuza kurasa za tovuti, ikapanga orodha ya mwanzo, kisha kwa amri moja nikazituma kurasa hizo kwenye seva. Ukurasa ulikuwa mwepesi kama karatasi. Mama mdogo alinipigia simu siku ya kwanza: "Sasa inafunguka mbio sana! Iko muzuri."

Nilijivuna, na sikuficha. Ndani ya programu kila kitu nilikipa jina la Kiswahili. Juu ya kila faili niliweka mistari mitatu: kichwa, tarehe, rasimu. Nikiandika kwamba faili ni rasimu, programu inaliruka. Niliijaribu kwa makala mbili ambazo hazijaiva, ikaziruka zote mbili, nikaiamini. Sikuweka hata kihesabio cha kunionyesha nani amesoma nini. Niliona ni heshima kwa wasomaji wangu, wasifuatwefuatwe.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka ule volkano iliposhuka hadi ndani ya Goma, watu walikimbilia huku kwetu kwa maelfu. Mama mdogo alikuwa kati yao. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Karibu na mpaka, katika msongamano, mwanamke asiyemjua alimtia kichanga mikononi akamwambia, "Nishikie kidogo, narudi kumchukua mkubwa wake." Akageuka, akaingia katikati ya watu. Hakurudi. Mama mdogo alikaa mahali pale siku tatu, akiuliza kila anayepita. Kisha akamlea mtoto yule, akamsomesha, na leo ni muuguzi katika kituo cha afya huko Kanama, upande wetu wa mpaka. Ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, nami sikuwahi kumjua kwa namna nyingine hadi siku mama mdogo aliponisimulia jikoni kwake, tukichambua sombe, yaani kisamvu. Alipomaliza alinitazama akasema, "Hii iko yetu mbili tu." Yeye mwenyewe binti hakuwa anajua.

Nami nilirudi nikaiandika. Niliiandika kwenye simu, nikiwa kwenye foleni ya mpakani siku hiyohiyo, kwa sababu nilihofu nitasahau namna alivyoisema, na nyumbani nikalihamishia faili kwenye kompyuta pamoja na mengine. Sikuwa na nia ya kuitoa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Na mdogo wangu alikuwa msomaji wangu mwaminifu kuliko wote.

Nilimwambia jirani kwamba nina dharura, nikampa jembe langu. Kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, aliniona naondoka kabla ya mkutano wa baada ya kazi, akaniita, nikapunga mkono bila kusimama. Njiani nilifungua blogu kwenye simu. Ilikuwa hapo, juu kabisa, na kichwa chake nilichokiweka kwa haraka: "Nishikie Kidogo". Yote, mwanzo hadi mwisho. Sikutaja jina la mtu, lakini nilitaja kituo cha afya, nikataja sehemu, nikataja kovu dogo la nyusi ambalo kila amjuaye mdogo wangu analijua.

Sikuweza kuifuta. Hapo ndipo ulipo upumbavu wangu. Kwenye ile huduma ya zamani niliyoidharau, ningebonyeza mara mbili kwenye simu na makala ingetoweka. Mtambo wangu uliishi kwenye kompyuta ya nyumbani peke yake. Funguo za seva zilikuwa humo, programu ilikuwa humo. Nilikuwa nimeupenda usahili huo.

Nilifika nyumbani nikakuta umeme umekatika. Kompyuta yangu ni ya zamani, betri yake ilikufa siku nyingi, haiwaki bila kuchomekwa ukutani. Niliibonyeza hata hivyo. Niliibonyeza mara tano, kana kwamba itanihurumia. Kisha nikaitia mkobani pamoja na chaja, nikatoka.

Saa za umuganda mji unasimama. Maduka yamefungwa, pikipiki hazipo, mabasi madogo hayatoki. Mtu anayetembea na mkoba begani huonekana toka mbali. Kabla sijafika barabara ya ziwani askari mmoja alinisimamisha, kwa adabu.

"Mama, unaelekea wapi? Umuganda bado haujaisha."

"Nina tatizo la familia, afande."

"Tatizo gani?"

Nilisema, "Kuna habari mbaya inaelekea kumfikia mdogo wangu. Nataka nimfikie kabla yake." Nilishangaa kusikia kwamba huo ulikuwa ukweli mtupu. Aliniangalia usoni, akaangalia tope la miguuni ambalo lilionyesha nilikuwa nafanya kazi, akanipisha.

Nilikwenda kwenye hoteli moja ya ufukweni ninayojua ina jenereta. Mapokezi alikaa mama ninayesali naye kanisa moja. Sikumsalimu vizuri. Nilimwonyesha waya, naye akanionyesha soketi nyuma ya meza yake bila kuuliza. Jenereta lilinguruma nje, wageni wawili wakila mayai, na mimi nimepiga magoti sakafuni nikisubiri mashine kongwe iamke.

Nilifungua faili. Mstari wa tatu ulisema: rasimu: ndio.

Nilifungua programu. Mle ndani niliiambia iruke kila faili lenye neno "ndiyo". Ndiyo, kwa ye na o, kama mwalimu wangu wa Karagwe alivyotuchapia viboko tuliandike. Lakini lile faili nililiandika kwenye simu, kwa haraka, kama ninavyoandika ujumbe, kama sote tunavyoandika. Ndio. Programu haikuona neno ililolijua, ikaamua kwamba si rasimu, ikaichapisha. Haikutoa hata onyo. Na sikuiandikia onyo.

Nikasahihisha herufi moja, nikaendesha programu, nikatuma. Nikafungua blogu kwenye simu: orodha ya mwanzo ilikuwa safi, habari haimo. Nilivuta pumzi. Kisha, kwa kuhakikisha tu, nikaandika anwani kamili ya ukurasa wenyewe.

Ukafunguka.

Mtambo wangu ulijua kuandika kurasa, haukujua kuziondoa. Sikuwahi kuufundisha, maana sikuwahi kuwaza kwamba nitataka kurudisha neno kinywani. Niliufuta ukurasa ule kwa mkono, kule kwenye seva, nikikosea amri mara mbili. Nilipoufungua tena ulisema haupo.

Nikakumbuka mlisho. Ni faili ambalo programu za kusomea blogu hulitazama kila saa, zikachukua makala mpya na kuihifadhi kwenye simu ya msomaji, aisome hata pasipo mtandao. Mdogo wangu alitumia programu kama hiyo. Mimi ndiye niliyemwekea. Nilisafisha mlisho upande wangu, lakini kilichokwisha kuchukuliwa na simu yake hakingerudi. Na sikuwa na namna yoyote ya kujua kama ameifungua.

"Umemaliza?" aliuliza mama wa mapokezi.

"Nimemaliza hapa," nikasema.

Nilipotoka saa tano ilikuwa imepita na pikipiki zilikuwa zimerudi barabarani. Nilisimama kwenye kona na simu mkononi. Ningeweza kumpigia mdogo wangu, nikamwambia afute makala bila kusoma, kuna kosa la tarakimu, kuna chochote. Angenitii. Nilitunga uongo huo hadi mwisho, nikauacha: siri ilikuwa ya mama mdogo. Kisha nikapanda pikipiki nikamwambia dereva anipeleke mpakani.

Mama mdogo anauza vitenge sebuleni kwake, mtaa usio mbali na mpaka. Nilimkuta anakunja. Alifurahi kuniona, akaita chai, halafu akaona miguu yangu.

"We mutoto, mbona una matope mpaka magoti? Kuna nini?"

Nilimwambia. Nilianza na herufi iliyokosekana, nikaeleza programu, nikaeleza seva, nikasikia mwenyewe kwamba najificha nyuma ya mashine. Alinikatiza.

"Attends, ngoja. Uliandika?"

"Niliandika, Mama. Lakini haikupaswa..."

"Sikuuliza kama ilipashwa. Nakuuliza, uliandika?"

"Ndiyo."

Aliendelea kukunja kitenge alichokishika, pembe kwa pembe, polepole sana. Akakiweka juu ya vingine.

"Nilikuambia we," akasema. "Sikuambia dunia yote. Na ile karatasi yako, ile kompyuta, mi sikuiambia kitu."

"Nisamehe, Mama."

"Donc, basi, amesoma?"

"Sijui."

"Hujui aje? Machine si ni yako?"

Alisimama, akavaa viatu vya safari, akafunga kitambaa kichwani. Nilidhani ananifukuza. Akachukua mkoba wake.

"Bon. Twende. Asisikie kwa simu. Atasikia kwa mudomo yangu."

Tulirudi mpakani pamoja, tukapanga foleni pamoja. Katika basi la kwenda Kanama alikaa dirishani, akiangalia mashamba ya viazi yaliyopanda milimani. Kila simu yangu ilipotoa mlio alinigeukia. Mara moja ilikuwa ujumbe kutoka kwa kiongozi wa mudugudu. Mara nyingine ilikuwa mzazi wa mwanafunzi. Nilimsomea kila ujumbe, ili ajue.

Mdogo wangu alikuwa akimaliza zamu. Alitutokea uani kwa kituo akiwa bado na koti jeupe, akatabasamu, kisha tabasamu likaganda alipoona sura zetu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa," mama yake akasema. "Njoo tukae."

Hapo nikajua hajasoma. Usiku na asubuhi yote alikuwa anahangaika na mama mmoja aliyechelewa kujifungua, simu ikiwa ndani ya kabati. Nilitaka kusimama niondoke niwaache, lakini mama mdogo alinishika mkono kwa nguvu. Sijui hadi leo kama alitaka msaada au alitaka nishuhudie nilichokifanya.

Akasimulia. Hakusimulia kama alivyonisimulia mimi. Alisema kwa sentensi fupi, akimtazama binti yake machoni. Mahali ambapo mimi niliandika maneno mengi kuhusu moto na majivu, yeye alisema tu, "Kulikuwa moto." Alipofika kwenye zile siku tatu alisema jambo ambalo hakuniambia mimi jikoni: kwamba siku ya pili alianza kuomba yule mwanamke asirudi. Na kwamba bado anaungama.

Mdogo wangu alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Nilingoja alie. Hakulia. Aliuliza swali ambalo mimi, mwandishi, halikunipitia hata mara moja.

"Na yule mkubwa? Alikuwa wa kiume au wa kike?"

"Sijui, mwanangu. Hakusema. Alisema tu mukubwa."

"Miaka mingapi?"

"Sijui."

Kisha akanigeukia. "Na wewe dada umekuja kufanya nini?"

Nikamwambia. Safari hii sikuanza na herufi. Nilisema, "Niliiandika bila ruhusa yako wala ya Mama, na leo asubuhi imetoka kwenye blogu kwa uzembe wangu. Nimeiondoa. Lakini ipo kwenye simu yako. Na jirani yangu ameisoma, ameniuliza habari yake kwenye umuganda tukiwa na majembe, na wengine sijui ni wangapi."

Alikwenda kabatini akaileta simu. Akaketi mbele yetu, akaisoma. Ni makala ya dakika kumi. Nimewahi kusubiri matokeo ya mitihani, nimewahi kusubiri daktari mlangoni, lakini sijui kusubiri kama kule, kumtazama mtu akisoma maisha yake yaliyoandikwa kwa mkono wangu, kidole chake kikisukuma mstari kwa mstari. Alifika mwisho. Akaizima.

"Umeandika vizuri," akasema. Sauti yake ilikuwa ile anayowatolea wagonjwa wakorofi. "Jirani yako alikuwa na jembe mkononi, akajua mimi ni nani kabla sijajua mwenyewe. Nenda nyumbani, dada."

Nilikwenda. Mama mdogo alibaki.

Majuma mengi mdogo wangu hakunipokelea simu. Niliuandika upya mtambo wangu katika siku hizo, si kwa furaha. Sasa kila makala ni rasimu mpaka niseme kwa neno kamili kwamba ichapishwe, na kabla ya kutuma programu inaniorodheshea vichwa vyote vipya, inasimama, inanisubiri. Ukurasa ukifutwa kwangu, unafutwa na kule. Nilijaribu kila njia ya kuikosea. Lakini nilijua kwamba hilo lilikuwa kosa dogo kati ya mawili, na lile kubwa halina programu. Makala yenyewe niliifuta mashineni, nakala zote. Kwenye blogu sikuandika kitu.

Mdogo wangu alipokuja hakupiga simu kwanza. Alibisha hodi mchana wa Jumapili, amefuatana na mama yake. Hawakuketi.

"Mama anakwenda kunionyesha mahali," akasema. "Tumeona uje."

Tulivuka mpaka kwa miguu. Mama mdogo alitangulia, akahesabu njia kwa midomo. Alisimama mbele ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, akasema ni hapa. Kisha akasogea hatua ishirini, akasema hapana, ni hapa, kulikuwa na mti. Kisha akashika kichwa. Barabara ilikuwa imejengwa upya juu ya mawe, nyumba zote zilikuwa ngeni. "Nilikaa hapa siku tatu," akasema, "na leo siwezi kupajua." Hapo ndipo mdogo wangu alipolia, naye akamshika mama yake, na nikawaachia nafasi, nikasimama upande wa pili wa barabara kati ya watu na mizigo yao.

Tuliporudi, mpakani, mdogo wangu alinipa karatasi mbili alizoandika kwa kalamu, pande zote. Ilikuwa habari ileile, imeandikwa na yeye. Haikuwa na majivu wala moto. Ilisema yeye ni nani, ana umri gani takribani, aliachwa mikononi mwa nani, na kwamba anamtafuta aliyekuwa mkubwa wake, wa kiume au wa kike, ambaye mama yao alirudi kumchukua. Neno lake la mwisho lilikuwa kwamba amelelewa vizuri.

"Iweke kwenye blogu yako," akasema. "Usibadilishe neno. Hata ukiona nimekosea."

Kulikuwa na makosa matatu ya tahajia. Niliyaandika kama yalivyo. Programu ilipoorodhesha kichwa na kunisubiri, nilimpigia simu nikamsomea ukurasa mzima, naye akasema, "Toa." Nikatoa.

Tangu hapo zimekuja barua nyingi kiasi. Mtu mmoja wa Sake, karibu na Goma, alidhani ndiye yule mkubwa, akaonana na mdogo wangu, wakazungumza nusu siku, wakaona siyo, lakini bado wanapigiana simu. Kila juma mama mdogo huniuliza kama kuna mpya. Nikimwambia hakuna, huniuliza kama nimekula.